Mto Rufiji na Mafuriko Yake

Mabibi na mabwana, Rufiji huanza kuitwa Rufiji pale Mto Kilombero unapokutana na Mto Luwegu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote, kisha Ruaha Mkuu hujiunga nao kabla ya maji kubanwa katika korongo la Stiegler. Bonde zima hukusanya maji ya kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, kwa hiyo mvua inayonyesha Iringa au Mahenge huamua hali ya shamba la mtu wa Utete ambaye huenda hakuona hata wingu.

Likishapita korongo, jito hili hupunguza kasi, hutawanyika na kutua tope lililolibeba kutoka nyanda za juu. Warufiji walijenga kilimo chao juu ya jambo hilo. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ili uwe umepata kimo kabla maji hayajapanda wakati wa masika, nao uliendelea kurefuka kadiri maji yalivyoongezeka. Familia zilihamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na huko walipika, walilala na kuwinga ndege huku maji yakipita chini ya sakafu. Maji yalipopungua walipanda mlau, yaani mahindi, kunde na pamba, katika udongo uliobaki na unyevu wa kutosha kukuza mazao hayo bila kungoja mvua nyingine. Mwaka wenye mafuriko ya kadiri ulikuwa mwaka wa shibe. Mwaka wa kutisha zaidi ulikuwa ule ambao mto haukupanda kabisa.

Naamini historia ya watawala katika bonde hili ni historia ya kutoelewa jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha wakulima kutoka bondeni hadi vijiji vilivyopangwa kwenye miinuko. Huko walipata shule na zahanati, na hilo ni jema, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki mbali, na mlinzi wa mpunga hawezi kulala kilomita kadhaa kutoka kwenye mpunga wake.

Huko chini kwenye delta kuna misitu mikubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki, yenye hekta zipatazo 50,000. Kwa karne nyingi boriti za huko zilisafirishwa na majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, zikaezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Katika vijito hivyohivyo manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914, hadi Waingereza walipoishambulia Julai 1915 kwa meli zenye kina kifupi, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Wageni hupenda kuulizia habari za meli hiyo. Mimi huona habari za mkoko ni kubwa zaidi, kwa kuwa kamba wanaovuliwa pwani hiyo hukulia kwenye mizizi yake.

Sasa pale korongoni limesimama Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Umeme huo tunauhitaji, wala sisimami hapa kuupinga. Lakini tope lililokuwa likirutubisha bonde sasa hutua nyuma ya ukuta, na mnamo Aprili 2024 maji yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti yalionyesha kwamba bwawa halijauondoa mto katika maisha ya watu. Ninachokisisitiza ni kwamba ratiba ya kufungulia maji ipangwe pamoja na wakulima na wavuvi wa chini: maji ya kadiri yaachiwe wakati wa masika, kwa taarifa inayofika vijijini mapema, mpunga ukiwa umeshapata kimo cha kuyahimili.