Chanjo na Kondoo Mwenye Mimba

Asanteni kwa kunikaribisha. Nianze na kondoo mwenye mimba, maana huyo ndiye anayetutahini sisi wa chanjo.

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kutokana na mlipuko wa 1930 karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Wanakondoo walikufa kwa wingi, majike wakatupa mimba. Virusi vyake huenezwa na mbu, na mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hukaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka yakingoja mafuriko. Ndiyo maana ugonjwa hupotea hadi watu wakausahau, kisha mvua kubwa zinyeshe, kama 1997 na 2006, urudi kwa kishindo.

Chanjo ipo tangu zamani. Kirusi kiitwacho Smithburn, ambacho ndicho chanjo yenyewe, kilitolewa kwa mbu wa Uganda mwaka 1944, kikapitishwa tena na tena kwenye ubongo wa panya mpaka makali yakapungua. Dozi moja yatosha. Tatizo ni kwamba jike mwenye mimba akidungwa anaweza kuitupa, au azae mtoto mwenye kilema. Sasa niambieni, mfugaji ambaye nusu ya majike wake wana mimba, tena mwaka ambao ugonjwa hauonekani popote, atakubali nimchanjie? Ningekuwa yeye nisingekubali. Atangoja mafuriko, na hapo tumeshachelewa: kinga huhitaji siku kadhaa kujengeka, na sindano moja ikidunga kundi zima yaweza yenyewe kubeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Chanjo ya virusi vilivyouawa haina hatari kwa mimba, ila sharti irudiwe. Kuwarudia wafugaji wanaohama na malisho ni kazi, mnajua wenyewe.

Kwa hiyo watafiti wameingia ndani ya kirusi chenyewe. Jenomu yake, yaani maelezo yake yote ya kurithi, ni vipande 3, na kwenye kimojawapo kuna jeni iitwayo NSs, ambayo huzima king'ora cha kinga ya mwili. Kirusi cha Clone 13 kimekosa sehemu kubwa ya jeni hiyo. Chanjo yake ilisajiliwa Afrika Kusini mwaka 2010. Nafuu kubwa, lakini kondoo walipopewa dozi ya juu mapema katika mimba, kirusi kilipenya kondo la nyuma.

Huko Wageningen, Uholanzi, wakaenda mbali zaidi: waliondoa NSs, tena wakakigawa kipande cha ukubwa wa kati kuwa viwili, vipande vyote vikawa 4. Katika majaribio yao ya kondoo wenye mimba, kirusi hicho hakikufika kwa watoto. Kundi la Oxford, akiwemo Mkenya George Warimwe, limetumia adenovirusi, yaani kirusi cha jamii nyingine, ya sokwe isiyoweza kuzaana, iliyobeba protini za nje tu za kirusi cha homa hii. Kondoo wenye mimba waliistahimili vizuri. Kwa mbuzi kinga haikuwa imara vile.

Mimi naona maabara imefanya sehemu yake. Kinachonikera ni ghala: hakuna anayeagiza dozi wakati wa kiangazi, na kiwanda hakitengenezi kisichoagizwa. Haya, maswali.