Apia na Pago Pago, 1918

Asanteni. Naomba nianze na meli. Iliitwa Talune, ikatia nanga Apia, Samoa Magharibi, visiwani katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 7 Novemba 1918, ikitokea Auckland, New Zealand. Ndani yake mlikuwa na wagonjwa wa yale mafua makali yaliyoitwa ya Kihispania. Kule Suva, Fiji, ilikuwa imewekwa karantini. Nahodha alipofika Apia hilo akalinyamazia, na daktari wa bandari akaruhusu abiria washuke.

Katika wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja kati ya kila watano. Virusi vile viliwaandama hasa watu wazima wenye nguvu zao, yaani wale wale wanaolima na kuvua. Kwa hiyo kaya nzima inalala, hakuna wa kuchimba magimbi wala wa kuwasha moto, na wapo walionusurika na homa wakamalizwa na njaa. Maiti zilifungwa mikeka, lori likapita kuzikusanya, zikazikwa kaburi la pamoja.

Sasa vukeni nami hadi Tutuila, Samoa ya Marekani. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, wameoleana. Bendera tu ndiyo tofauti: Apia ilishikwa na jeshi la New Zealand. Gavana John Poyer alipata habari za ugonjwa kwa simu ya upepo, akaweka karantini kali, na wanavijiji wenyewe wakalinda fukwe. Hebu fikirini: shemeji yako anakuja na mtumbwi, nawe unamrudisha baharini! Lakini hapo hakufa hata mtu mmoja.

Poyer akatuma ujumbe kwamba yuko tayari kusaidia. Kanali Robert Logan, mtawala wa Apia, hakujibu. Mashua yake ya barua ilipozuiwa Pago Pago, bandari ya Tutuila, alikasirika, akakata mawasiliano. Kosa la bandarini naweza kulielewa. Hili la pili, hapana.

Wazee waliokufa waliondoka na nasaba na habari za ardhi zilizokuwa vichwani mwao. Waliobaki hawakusahau. Uchungu ule uliingia katika Mau, vuguvugu la Wasamoa waliopinga utawala wa New Zealand, ambalo wafuasi wake walipigwa risasi Apia tarehe 28 Desemba 1929 wakiandamana kwa amani. Juni 2002, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda Apia kuomba radhi. Alizitaja zote mbili: risasi zile, na Talune.