Diski ya Akiba kwa Kompyuta ya Duka

Shikamooni wakubwa zangu. Wengine hamjambo.

Naomba muitazame hii kwanza. Ni diski ngumu, yaani "hard disk", ile inayohifadhi kila kitu cha kompyuta, ya inchi mbili na nusu, imetoka kwenye kompyuta ya kaunta ya duka moja la jumla. Siku ya mwisho ililia tik, tik, tik, kisha kimya. Huo mlio ni kichwa cha kusomea kinahangaika kutafuta njia yake na hakiioni. Mwenye duka hakuwa mzembe, nawaambieni ukweli. Kila jioni karani wake alikuwa ananakili mafaili ya mauzo kwenye flashi, na flashi tuliikuta salama kwenye droo ya pesa, kila kitu kimo. Pamoja na hayo duka liliuza kwa daftari siku nne nzima.

Siku nne zilikwenda wapi? Kuweka Windows upya ni saa moja na ushee tu. Kilichotumaliza ni vitu vidogo. Leseni ya programu ya hesabu iko kwa kijana aliyeinunua, naye alishaacha kazi. Draiva ya printa ya risiti, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ilikuja na sidii ambayo hakuna aliyejua iliko. Nywila ya barua pepe ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kompyuta ileile iliyokufa. Mafaili tulikuwa nayo mkononi, pa kuyafungulia hatuna.

Ukinakili mafaili, umehamisha bidhaa. Ukikloni diski, yaani ukiinakili yote kama ilivyo kwenye diski nyingine, umehamisha duka zima: rafu, kufuli, funguo, mpaka kibao cha mlangoni. Windows, programu, mipangilio, draiva, na ile sehemu ya mwanzo ya diski inayoiamsha kompyuta, vyote vinakwenda pamoja. Diski ikifa unafungua skrubu, unatoa mbovu, unaingiza ya akiba, unawasha. Wateja hawajamaliza hata kunung'unika.

Jambo lenyewe si geni. Mafundi wa rika langu walikuwa wakisema "piga ghost", kwa jina la programu iliyoandikwa New Zealand miaka ya 1990, ambayo kampuni ya Symantec waliinunua mwaka 1998. Mimi siku hizi natumia Clonezilla, ya bure, inatoka Taiwan. Haina urembo, ni maandishi matupu na unachagua kwa vitufe vya mishale. Lakini inawaka kutoka kwenye flashi, Windows yenyewe ikiwa imelala, kwa hiyo hakuna kinachobadilika ndani ya diski wakati inanakiliwa. Na hiyo Windows izimwe kabisa: shikilia Shift unapobofya kuzima, la sivyo inasinzia tu na Clonezilla itakugomea.

Sasa madukani mnapigwa hapa: diski ya akiba lazima ilingane na ya zamani au iizidi, hata kama ya zamani imejaa robo tu. Mtu ana diski ya gigabaiti 500, anauziwa SSD, ile diski ya kisasa isiyo na kichwa cha kusomea, ya 480, anarudi nyumbani, inakataa. Wala msigombane na muuzaji mkiona ile ya 500 inasoma 465 kwenye Windows. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ni ileile.

Muda wake? Kama umejaza gigabaiti 200, kwa tundu la USB la bluu na diski ya kawaida ni nusu saa au zaidi kidogo. Kwa tundu la zamani jeusi, karibu saa mbili. Kama eneo lenu umeme unakatika ovyo, weka UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Na diski iliyokwisha kuanza kulia tik tik usiikloni, okoa mafaili kwanza kabla haijakata kauli.

Niseme na aibu yangu. Niliwahi kukloni kinyumenyume. Programu inauliza ipi chanzo, ipi inayoandikiwa, kisha inauliza mara mbili kama una uhakika. Nilijibu ndiyo mara zote mbili huku akili iko kwenye ndizi nyama, na diski tupu ikaandikwa juu ya diski ya mteja. Tangu siku ile napiga picha lebo za diski zote mbili kwa simu, nalinganisha namba zake na zile za kwenye skrini, ndipo nabonyeza. Nikiwa na njaa, sikloni.

Mama pale nyuma mwenye duka la dawa aliniuliza tukiwa kwenye chai: "Mwanangu, si niiache imechomekwa humo humo?" Hapana, mama. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta za watu nchi nyingi kwa wakati mmoja vikidai fidia. Virusi vya namna hiyo vinafunga kila diski vinavyoifikia, na ya akiba ikiwa imechomekwa inafungwa pia. Isitoshe, hizo diski mbili ni mapacha mpaka alama zao, Windows ikiziona pamoja inaiweka moja kando. Ichomoe, ipeleke nyumbani. Duka likiungua, isiungue na mwenziwe.

Kwa duka la kawaida, kloni mara moja kwa mwezi inatosha, na moja ya ziada kabla ya kubadilisha programu ya hesabu. Flashi ya jioni msiiache lakini. Kloni ya tarehe 1 haijui mlichouza tarehe 20. Diski ya akiba inakufungulia mlango, kisha mafaili ya jana yanatoka kwenye flashi. Kama mmewasha BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaoifunga diski asiisome mwingine, ule ufunguo wake wenye tarakimu 48 uandikeni kwenye karatasi na uwekeni mbali na kompyuta. Na hiyo kloni ni ya kompyuta ileile, ukiipachika kwenye mashine nyingine leseni zinaweza kukusumbua.

Wengi wanakloni, wanaweka kabatini, hawaijaribu hata siku moja. Mimi siamini diski ambayo sijaiona ikiwaka. Kwa hiyo nimekuja na kompyuta ya ofisini kwangu na printa yake ya risiti. Diski yake naitoa sasa hivi, skrubu mbili tu. Hii naweka mfukoni. Ya akiba naipachika hapa. Kijana, tafadhali shika saa, nawasha.