Kabla hujanunua vumbi la Kongo

Assalaam aleykum Tanga: Makorora, Ngamiani, Chumbageni mpaka Pongwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Kama watoto wapo hapo sebuleni, punguza sauti, leo naongea na wanaume na sitazunguka.

Vijana wananiandikia, wengine hata thelathini hawajafika. Mmoja ana bodaboda ya mkataba, hesabu ya tajiri kila jioni. Nyumbani kuna mkopo wa kausha damu, marejesho kila wiki. Usingizi wa manati. Miezi sasa jogoo hapandi mtungi. Anauliza, "Kaka, huko Uingereza hakuna dawa unitumie?"

Mdogo wangu, sikutumii, na sababu ni hii. Uume kusimama ni kazi ya damu: mishipa inalegea, damu inajaa, inabanwa humo isirudi haraka. Ukiwa na hofu, mwili unamwaga adrenalini, moyo unadunda, mishipa ya huko chini inakaza. Ukikanyaga nyoka msituni Amani, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Nyoka atapita, deni utaamka nalo kesho. Hali hiyo ikikaa miezi, homoni ya kotisoli nayo inabaki juu, testosteroni inaweza kushuka, hamu inapotea.

Halafu kuna hofu ya pili, na hii ndiyo inayowamaliza wengi. Umeshindwa usiku mmoja, basi usiku unaofuata unaingia kitandani kama mtu anayeingia chumba cha mtihani. Unajichungulia: imesimama? Bado? Kule kujichungulia tu kunaileta tena adrenalini.

Angalia alfajiri. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara kadhaa akiwa usingizini. Adhana ikikukuta umesimama vizuri, mara nyingi mishipa iko salama na mzigo uko kichwani. Alfajiri nayo ikiwa kimya wiki nenda wiki rudi, nenda hospitali ya Bombo wakupime sukari, presha na mafuta kwenye damu. Usione aibu! Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, huko chini panaweza kutangulia kuonyesha, miaka kabla ya moyo.

Kwa wenye mawazo, wataalamu huwashauri wanandoa waache kujaribu tendo kwa muda. Mshikane, mpige stori, mlale. Mwambie mkeo waziwazi kwamba ni madeni, hujamchoka. Na nyie shemeji zangu, nawaomba, lile neno "umekuwa mwanamke mwenzangu" lisitoke kinywani, wala habari isifike kwa shoga.

Sasa hilo vumbi la Kongo, unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume. Hujui kilichomo. Nchi nyingi zimekamata "dawa za asili" za nguvu za kiume zilizochanganywa kimyakimya na sildenafili, dawa ileile ya Viagra iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Daktari akikuandikia baada ya kukupima, sawa, inasaidia damu ifike, ingawa hamu haikuletei. Lakini wewe baba yangu mwenye kile kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, ukikichanganya na sildenafili presha inaanguka ghafla na unaweza kufa. Ukienda hospitali, beba dawa zako zote, hata hilo vumbi, uziweke mezani kwa daktari.