Kutengeneza Kiti Kinachoyumba kwa Michezo ya Mbio za Magari

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunatengeneza kiti kinachofuata mwendo wa gari lililomo kwenye mchezo: ukikanyaga breki kinainama mbele hadi mkanda ukubane kifuani, ukiongeza mafuta kinalala nyuma, na ukikata kona ya kushoto kinainamia kulia, kwa sababu ndiko mwili unakosukumwa ndani ya gari halisi.

Fremu nitaipitia haraka, kwa kuwa fundi yeyote wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ataielewa akiuona mchoro. Chini kuna msingi mpana wa mabomba ya mraba, katikati nguzo fupi, na juu ya nguzo jointi ya propela shafti chakavu, inayopinda pande zote, ambayo ndiyo inayobeba kiti. Mota mbili za waipa, yaani za kufutia kioo cha gari, za volti 12, zinafungwa nyuma ya nguzo, kulia na kushoto, na kila moja inasukuma kiti kwa fimbo. Zikisukuma juu pamoja, kiti kinainama mbele. Zikipingana, kinalala upande.

Subirini kidogo. Hapo kamera imeonyesha fimbo ya kushoto ikigusa msingi kila mkono wa mota unapofika chini. Ninafungua nati, ninaihamishia fimbo kwenye tundu la ndani la mkono, ninakaza tena. Tundu la ndani hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, nami ndivyo ninavyopenda, kwani kiti chenye mwendo mfupi na wa haraka hueleza barabara vizuri zaidi kuliko kinachobembea.

Kabla ya waya, chukueni mita ya umeme. Mota nyingi za waipa zina hasi iliyoungwa moja kwa moja na ganda lake la chuma. Kwenye gari hilo halina neno, lakini hapa saketi za BTS7960 hugeuza chanya na hasi ili mota izunguke pande zote mbili, na kwa kuwa mota zote zimekaa kwenye fremu moja, zikizunguka kinyume umeme utapita kwenye chuma na saketi itaungua. Ninafungua kifuniko, ninakata kiungo hicho na kutoa hasi nje kwa waya wake. Mita isilie tena kati ya waya na ganda.

Sasa potenshomita, yaani vizuizi vya umeme vya kuzungusha, za kilo-omu 10, zinazoiambia Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki kinachoziongoza mota, kila mota imefika wapi. Miguu ya pembeni inakwenda kwenye volti 5 na hasi ya Arduino, wa kati kwenye A0 kwa mota ya kwanza na A1 kwa ya pili. Tafadhalini, msiifunge bado kwenye mhimili wa mota, wala mtu asikae kitini. Pakieni kwanza SMC3, programu ya Arduino ya kuongoza mota, washeni umeme fimbo zikiwa zimefunguliwa, kisha zungusheni potenshomita kwa mkono: ikivuka katikati, mota lazima ianze kuzunguka uelekeo ambao ungeirudisha katikati. Ikizunguka kinyume, zimeni, mbadilishane waya mbili za pembeni, mjaribu tena. Ninarudia, mtu asikae kitini kabla ya jaribio hili, kwa sababu potenshomita iliyogeuzwa huifanya mota ikimbie bila kusimama mpaka ivunje kitu. Mota zote mbili zipimwe, hata kama ya kwanza imekubali. Arduino husoma kuanzia 0 hadi 1023, kwa hiyo kiti kikiwa sawasawa, kazeni potenshomita inaposoma karibu 512.

Wekeni fyuzi kwenye kila mota, na swichi nyekundu ya kukata umeme mahali mkono wa dereva unapofika bila kuinuka.

Kwenye kompyuta, programu ya SimTools inachukua taarifa za mchezo, kwa mfano Assetto Corsa, na kuzipeleka kwenye Arduino iliyopakiwa SMC3. Anzeni na mwendo mdogo. Mota ikitetemeka huku kiti kimetulia, punguzeni Kp, yaani ukali wa mota kujirekebisha, kidogo kidogo hadi inyamaze, ndipo muongeze mwendo. Wanaohitaji fremu iliyokwisha kuchomelewa waniandikie, nami nitawatumia vipimo kwanza ili wahakikishe inaenea chumbani.