Kiti cha mbunge na kadi ya chama

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa kuwa tupo Dodoma na Bunge lenyewe lipo hapo tu. Tuache kuwaita wabunge waoga. Mtu aliyefungwa kamba shingoni huchagua maneno. Tuitazame hiyo kamba.

Kamba ni Ibara ya 71 ya Katiba. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, kiti kimekwenda. Safari yake ni fupi: vikao vya chama vinamvua uanachama, barua inakwenda kwa Spika, Spika anaiarifu Tume ya Uchaguzi, jimbo li wazi. Mpiga kura hakuulizwa popote. Akinusurika miaka mitano, bado jina lake litarudi mezani kwa wakubwa wale wale, na hata akiongoza kura za maoni ndani ya chama wanaweza kulikata. Sasa fikirieni siku ya bajeti. Katibu wa Bunge anaita jina moja moja, mbunge anajibu kwa sauti, mnadhimu wa chama chake, msimamizi wa nidhamu ya wabunge wake, yupo anasikiliza. Nani atatamka "Hapana"?

Mtaniambia huo ni woga wa wabunge wadogo wa viti vya nyuma. Hapana! Mwishoni mwa Desemba 2021, Job Ndugai, Spika na mbunge wa Kongwa, alionya hadharani, hapa hapa Dodoma, juu ya deni la taifa: tukiendelea kukopa hivi, nchi itapigwa mnada. Januari 3 akaomba radhi. Januari 6 akajiuzulu uspika, na barua akaielekeza kwa Katibu Mkuu wa chama chake, CCM, Bunge likapata nakala. Zingatieni hapo. Katiba inataka theluthi mbili ya wabunge wote kumwondoa Spika. Haikupigwa kura hata moja. Mkuu wa mhimili mzima wa dola aliondoka kwa sababu ya sentensi kuhusu mikopo, na lile swali la deni likabaki halijajibiwa bungeni. Kama alikosea hesabu, mahali pa kumsahihisha palikuwa pale pale, kwa takwimu.

Wapo watakaosema nakisakama chama kimoja. Tazameni vyama vingine: Desemba 2011 NCCR-Mageuzi ilimfukuza mbunge wake David Kafulila; Januari 2012 CUF ikamfukuza mbunge wake Hamad Rashid Mohamed. Wote waliendelea kukaa bungeni kwa amri ya mahakama. Kamba hii inavifaa vyama vyote, ndiyo maana hakuna anayeharakisha kuikata.

Na msiniambie uaminifu! Ahadi ya nane ya mwana-CCM ni "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Uanachama mwaminifu ni ahadi ya tisa. Kweli imetangulia. Machawa, wale wapambe wa kuwasifia wakubwa, wanaanzia ya tisa, ya nane wameiruka.

Mgombea binafsi nitamgusa tu: Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha, ilisema kumzuia ni kuvunja haki. Hadi leo Katiba inadai udhamini wa chama. Suala la Rais kuvaa kofia mbili, ya nchi na ya uenyekiti wa chama, leo halina nafasi, naonyeshwa saa.

Ninachoomba ni marekebisho ya ibara moja. Anayehama chama kwa hiari yake apoteze kiti. Anayefukuzwa abaki hadi uchaguzi, na waliomchagua ndio wamhukumu.