Sikukuu za Kitaifa na Hesabu ya Likizo
(Mhadhara kwa watumishi wapya wa umma, Tabora)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu watumishi wenzangu,

Nitaanza na kalenda hii iliyotundikwa nyuma yangu, kwa sababu malalamiko mengi yanayofika kwa maafisa utumishi huanzia kwenye tarehe zake zilizochapwa kwa wino mwekundu. Wengi huzihesabu kama akiba ya mapumziko wanayoidai serikali, ilhali sheria ya sikukuu, Sura ya 35, hutaja tarehe tu na haimwahidi mtumishi idadi ya siku za kukaa nyumbani. Mwaka huu wa 2026 Muungano, tarehe 26 Aprili, unaangukia Jumapili, na Nane Nane inaangukia Jumamosi. Jirani zetu wa Kenya, sikukuu ikiwa Jumapili, hupumzika Jumatatu. Sisi Jumatatu tunakwenda kazini.

Tarehe hizi hazikuokotwa. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, tarehe 7 Aprili ni siku aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972, na Sabasaba, ambayo vijana huijua kwa maonesho ya biashara tu, ni siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Kuhusu 9 Desemba, mniruhusu nijivune kidogo kama mwenyeji: ni hapa Tabora, Januari 1958, ambapo mkutano wa TANU uliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, masharti yake yakiwa machungu kiasi hicho, na bila uamuzi ule sidhani kama bendera ingepandishwa mwaka 1961. Tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka aliyeubeba uamuzi huo, Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha katika mji huu huu.

Sikukuu za dini zina mwendo wake. Krismasi haihami. Pasaka hufuata mwezi mpevu wa baada ya 21 Machi, na Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, nayo husubiri mwandamo. Ndiyo maana mtumishi mwenye busara hakati tiketi ya treni ya Kigoma kwa kuiamini kalenda ya ukutani peke yake. Zaidi ya hizo, Rais anaweza kutangaza siku nyingine, kama ilivyokuwa siku ya uchaguzi, Jumatano ya 28 Oktoba 2020.

Wapo wasiofunga ofisi. Muuguzi wa zamu, mkesha wa Krismasi, hubadilisha dripu ya mgonjwa saa nane za usiku na kukabidhi wodi asubuhi ya sikukuu yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kila saa iliyofanyiwa kazi siku ya sikukuu ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi. Mimi mwenyewe, katika kituo changu cha kwanza, nilifanya kazi sikukuu tatu bila kuandikwa popote, na nilipodai niliulizwa karatasi iko wapi. Daftari la zamu lisainiwe siku ile ile.

Swali lililoletwa kwa maandishi linahusu likizo: je, sikukuu inayoangukia ndani ya likizo huhesabiwa? Sheria hiyo hiyo inatoa siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake zimo katika hesabu. Sasa tazameni Aprili. Ijumaa Kuu ni tarehe 3, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Karume ni Jumanne tarehe 7: siku tano mfululizo ambazo ofisi imefungwa na hakuna anayehitaji kuomba ruhusa. Anayeanza likizo tarehe 1 amezimeza zote tano. Anayeanza Jumatano, tarehe 8, anazipata kwanza, kisha anahesabu 28 zake hadi tarehe 5 Mei. Humo atapoteza Mei Mosi peke yake, kwani Muungano ulikwisha potelea Jumapili.